Viatu vya Kanyangi

Wariara hakuwa mjinga. Mume wake, Evanson Gachanja, alikuwa akitoka Kasikeu kila mwisho wa mwezi na pikipiki, anapanda milima ya Kilungu, anashuka Mukuyuni, anavuka mto Athi mpaka Kanyangi, safari ya kutwa nzima ya kuvunja kiuno, ati anaenda kununua ndengu. Ndengu gani hizo? Kwani Kasikeu ndengu zimeisha? Basi mwezi wa sita, mwaka wa themanini na sita, alipokuwa akitafuta spana kwenye mkoba wa pikipiki, akakuta viatu vipya vya mtoto anayeanza kutembea. Kitinda mimba wake yeye alikuwa darasa la tano.

Hakuuliza. Alivificha viatu, na mumewe, ajabu ni hiyo, naye hakuuliza vimeenda wapi. Hapo ndipo alipopata hakika. Alikuwa amezaa wasichana wanne, wa kwanza Waringa, na kwao Wakikuyu mvulana wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake. Jina la mzee Gachanja, baba mkwe wake, lilikuwa bado linangoja mtu. Kama kuna mwanamke amezaa mwenye jina hilo huko ng'ambo ya Athi, basi duka, shamba na heshima yake ya miaka kumi na minane vilikuwa vimepata mwenyewe.

Mwezi wa nane akapanda nyuma ya pikipiki, viatu ndani ya kiondo, akasema anataka kuziona hizo ndengu. Evanson akapiga kiki.

Njia nzima macho yake hayakutoka kwenye mgongo wa mumewe. Kwenye kona za Kilungu, ambapo ukichungulia chini unaona mabati ya nyumba za watu, alimshika kiunoni kwa nguvu, na si kwa mapenzi. Mukuyuni mwenye hoteli alimletea Evanson chai isiyo na sukari kabla hajaagiza, akamwangalia Wariara, akarudi jikoni haraka. Huyu anajua, Wariara akasema moyoni. Kila mtu anajua isipokuwa mimi. Baada ya Athi walipanda kilima chenye jiwe kubwa kando ya njia, na hapo Evanson akapiga honi mara mbili, na barabara haina hata mbuzi. Alipoulizwa anampigia nani, akasema amezoea tu. Wariara alitamani kumng'ata bega.

Kanyangi hawakwenda sokoni. Pikipiki iliingia moja kwa moja kwenye boma la watu, na mtoto wa kiume akatoka mbio, miguu mitupu, anayumba. Evanson akamwinua juu.

"Baba," akamwambia. "Baba, umeshinda aje?"

Wariara alishuka kwenye pikipiki. Mwanamume wa Kikuyu hamwiti mtoto Baba hivi hivi. Humwita hivyo mwanawe aliyepewa jina la babake. Akamgeukia mwanamke kijana aliyesimama mlangoni, Muthoki, akamuuliza mtoto anaitwa nani.

"Gachanja, mama," Muthoki akajibu, tena kwa tabasamu.

Mkono wa Wariara ulikuwa tayari ndani ya kiondo, umeshika viatu, amtupie Muthoki usoni. Ndipo Kiilu, mume wa Muthoki, akatoka na stuli ya mgeni. Masikio yake yalikuwa makubwa, yamesimama nje. Wariara akatazama ya mtoto. Yalikuwa yale yale.

Kiilu alisimulia kwa furaha, akidhani mgeni anayajua yote: mwanzoni mwa mwaka jana uchungu ulimshika Muthoki njiani, mwenye pikipiki akawabeba wote wawili kwenda zahanati, wakafika kwenye lile jiwe la kilimani, mtoto akazaliwa hapo hapo. Evanson alivua koti akamfunika mtoto. Walimuuliza jina lake, akasema Gachanja, wakampa mtoto jina hilo. Kwao Wakamba ilikuwa shukrani tu.

"Kwa nini hukuniambia?" Wariara akamuuliza mumewe.

Evanson hakumwangalia. "Ningesemaje, Mama Waringa? Ungedhani nawalaumu wasichana wangu. Mimi nilitaka tu kuita jina la mzee, niitikiwe."

Wariara aliona afadhali ingekuwa mke mwenza. Huyo angemtukana, akarudi nyumbani roho imetulia. Alipiga magoti vumbini, akamvuta mtoto, akajaribu kumvisha viatu. Kisigino kilikataa kuingia. Viatu vilikaa miezi miwili kabatini, na mtoto alikuwa akikua.

"Pole, Baba," akamwambia. "Nimekuchelewesha."