Mkono wa Kushoto wa Mongina

Mongina alipanda ngazi za jengo lile la Kericho mjini akiwa amevaa sweta ya mikono mirefu, ingawa jua lilikuwa kali. Rafiki yake Sally alitangulia. Sally ndiye aliyesikia fundi wa tatuu akisifiwa, na ndiye aliyekwisha kuchagua mchoro: waridi jekundu na majani yake, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja.

"Ukiwekwa maua, hakuna mtu ataona hiyo kitu tena," Sally alisema.

Fundi aliitwa Kimeli, kijana mwembamba mwenye michoro hadi shingoni. Mongina akavua sweta. Kovu lilikuwa limetanda mkono wa kushoto, ngozi imekunjamana na kung'aa. Kimeli aliligusa kwa kidole bila kukunja uso.

"Pole, mathe. Ilikuwa nini?"

"Chai," Mongina akajibu. "Ajali ya jikoni."

Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi hadi likawa linatoka lenyewe.

"Nikuambie ukweli," Kimeli alisema. "Ngozi ya kuungua haishiki wino vizuri. Pembeni ndiyo sawa. Na usiharakishe. Hii utazikwa nayo, so chagua kitu chako, si cha Sally."

Akamwonyesha picha kwenye simu: kipepeo, simba, msalaba, majani mawili ya chai na chipukizi lake katikati.

"Majani ya chai nimechuma tangu nikiwa mtoto," Mongina alisema. "Sasa nilale nayo pia?"

Wote watatu walicheka, lakini hakuchagua kitu. Alivaa sweta yake, wakarudi Sosiot.

Kile ambacho Kimeli hakuambiwa ni hiki. Mongina aliolewa na Ondieki, ambaye baba yake alihamia Sosiot kutoka Kisii zamani akanunua shamba la chai. Siku moja Ondieki alifika nyumbani akamkuta mkewe kwenye cherehani, anamalizia gauni la mteja, na majani shambani hayajachumwa. Aliingia jikoni akatoka na sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka. Mongina aliinua mkono kukinga uso.

Mama mkwe wake, Drusilla, alikuwa amesimama mlangoni. Aliona yote. Na kule hospitali, daktari alipouliza, Drusilla ndiye aliyejibu kwanza.

"Aliteleza, daktari. Huyu msichana wetu ana haraka sana jikoni."

Mongina alikuwa na maumivu, na Ondieki amesimama pale miguuni pa kitanda. Akanyamaza. Baadaye wazee wa kanisa walikuja kumwona nyumbani wakamsihi asiharibu jina la nyumba, maana mtoto wake atakula wapi. Akakubali kusema aliteleza. Ondieki alipoinua mkono tena, Mongina alimchukua binti yao Quinter na cherehani yake, akapanga chumba pale sokoni. Mume alimwacha nyuma. Ule uongo akahama nao.

Jioni moja baada ya safari ile ya Kericho, Quinter alitoka kwa nyanya yake akaketi karibu na cherehani.

"Mama, nyanya amesema nisiwe kama wewe."

"Kama mimi namna gani?"

"Nisikimbie-kimbie jikoni. Anasema uliungua kwa sababu wewe ni mzembe."

Mongina akasimamisha cherehani. "Na wewe unaonaje?"

"Si ni wewe mwenyewe ulisema uliteleza?"

Mongina alimtazama binti yake. Kwa wazee alinyamaza kwa ajili ya mtoto huyu, na sasa mtoto huyu ndiye anayefundishwa kumdharau kwa ukimya uleule. Akamweka karibu, akamweleza ilivyokuwa, polepole, bila kumtukana baba yake. Quinter hakulia. Alishika ule mkono akakaa nao.

Mongina alirudi kwa Kimeli peke yake.

"Umeamua maua?"

"Sitaki kufunika. Nataka maandishi, hapa chini ya kovu penye ngozi nzima. Andika: HAIKUWA AJALI."

Kimeli aliweka mashine yake chini. "Mathe, watu watasoma."

"Kwani maandishi ni ya nini?"

Kijana akamchorea kwenye karatasi herufi za mikia, zilizopinda kama mizabibu. Mongina akazikataa. Kimeli akachora zingine nyembamba, Mongina akazikataa pia.

"Iwe kama ya ubao wa shule," alisema. "Mtu aisome akiwa amesimama mbali."

Sindano iliuma, lakini yalikuwa maumivu aliyoyaagiza mwenyewe, na alipoinuka pale kitini alijisikia mrefu.

Kidonda kilipopona, alishona blauzi ya mikono mifupi akaivaa kazini. Kibanda chake cha kushonea kilitazamana na kituo cha kupimia majani ya chai, na wakulima walikuwa wamepanga foleni na vikapu vyao. Drusilla alikuwemo. Alimwona, akatoka kwenye foleni, akaja mbio mbio.

"Hiyo ni nini umejiandika?"

"Soma, mama."

Drusilla alisoma kimoyomoyo, midomo ikitikisika. "Funika! Vaa sweta yako!"

"Nimevaa vya kutosha."

"Imeandikwaje?" mzee mmoja wa foleni aliuliza kwa sauti, kwa kuwa hasikii vizuri. Jirani yake akamsomea sikioni, naye pia kwa sauti, hadi makarani wa mizani wakageuka.

"Unataka kunivua nguo mbele ya watu," Drusilla akasema, machozi yakimlenga. "Yule ni mtoto wangu. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

"Ningempenda, mama. Na ningesema kweli."

Drusilla akaondoka, majani yake hayajapimwa.

Haikupita wiki, mchungaji akamwita. Wazee walewale waliomsihi walikuwa wameketi, na Ondieki pembeni amejifunga tai. Mchungaji alifungua Biblia akasoma kifungu kinachokataza watu kujichora alama mwilini. Akamwuliza kama anaelewa amemkosea Mungu.

Mongina aliweka mkono juu ya meza, kiganja chini.

"Mchungaji, hapa kuna alama mbili. Ya chini nimeiweka mimi. Hii ya juu, siku ile mlipokuja nyumbani, mliisomea kifungu gani?"

Ondieki akasimama.

"Aitoe! Ananichafulia jina! Mwambieni aitoe!"

"Jina lako halimo, Ondieki," Mongina alisema. "Mbona umelisoma?"

Mzee mmoja alikohoa akatazama dirisha. Mchungaji akafunga Biblia, akasema watalifikiria jambo hilo. Walipolifikiria, waliamua Mongina asimame kando na kwaya aliyokuwa akiimba hadi atakapotubu. Kuhusu Ondieki walisema wataomba.

Sally alikasirika kuliko Mongina mwenyewe. "Sasa uhame! Makanisa yamejaa hapa Sosiot!"

"Nihame tena? Nyumba nilihama mimi. Kanisa watahama wao wakitaka."

Jumapili iliyofuata Mongina aliingia na Quinter ibada ikiwa imeanza. Alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, mikono mifupi. Kwaya ilikuwa imesimama na pengo pale alipozoea kusimama. Hakwenda nyuma. Alifika benchi la pili kutoka mbele, ambako wake wa wazee hukaa, akasimama akingoja nafasi.

Kwa muda hakuna aliyesogea. Kisha mke wa yule mzee aliyekohoa akavuta mkoba wake. Mongina akaketi, akaupumzisha mkono wake wa kushoto juu ya benchi la mbele, na wimbo ulipofika kiitikio akaimba sauti yake ya pili, kwa nguvu, kutoka pale alipokaa.