Hofu Iliyonyamazishwa

Twalibu alianza kuvuta bangi kwa sababu ya mvua. Masika ya mwaka uliotangulia yaliangusha kipande cha mlima pale Kinole, kikafukia shamba lake lote la mdalasini, yeye mwenyewe akiwa amesimama hatua chache pembeni. Tangu hapo, wingu likitanda tu, moyo ulimwenda mbio na viganja vikalowa jasho, hata chaki ikamshinda kushika mbele ya wanafunzi. Msokoto mmoja nyuma ya migomba ulimtuliza. Baada ya miezi michache ikawa mitatu kwa siku.

Mkewe, Saada, alijua.

"Kweli umetulia," alimwambia. "Lakini siku hizi nikikueleza jambo unanitazama kama ukuta."

Jumamosi moja ya Aprili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne asubuhi Saada aliingia chumbani akihema.

"Ukuta wa jikoni umepasuka. Maji ya kilimani yamegeuka tope. Tuondoke, Twalibu."

Alikuwa ameshavuta. Aliyaona macho ya mkewe yamemtoka na midomo inatetemeka, lakini hayo hayakumgusa, kama mambo ya nyumba ya jirani.

"Ni mvua tu," akasema. "Tulia."

Saada akamwacha, akakimbilia jikoni kumfungua mbuzi aliyefungwa humo. Ndipo ukingo wa kilima nyuma ya nyumba uliposhuka na kumfukia. Majirani walichimba kwa majembe hadi adhuhuri, wakamtoa Saada akiwa amekwisha kufa.

Mazikoni Twalibu hakutoa chozi. Luqmani, kaka wa marehemu aliyetoka Turiani, alimkazia macho muda mrefu.

Wiki ya tatu Twalibu alishuka Morogoro mjini, kwenye kliniki ya afya ya akili. Alimweleza daktari, mama wa makamo, kwamba anavuta bangi, na kwamba haelewi kwa nini hamlilii mkewe aliyefukiwa.

"Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayokushtua ukiona hatari," daktari alisema. "Hata ukiona hofu usoni mwa mwenzako. Bangi inaweza kuipunguza nguvu. Wengine inawafanyia kinyume, inawazidishia woga."

"Nisingevuta, mke wangu angekuwa hai?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Hilo siwezi kukujibu, mwalimu."

Twalibu aliacha bangi siku ileile. Siku ya nne hofu ikamrudia kwa nguvu kuliko mwanzo. Usingizi ukamkatika, na kila alipofumba macho alimwona Saada mlangoni, na sasa woga wake ulimwingia mwilini.

Siku ya arobaini walisoma dua nyumbani kwa wakwe. Twalibu alimkuta Luqmani nje.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Akamsimulia yote, hakuficha hata msokoto.

"Aliogopa?" Luqmani aliuliza.

"Aliogopa sana."

"Na wewe ulimwona?"

"Nilimwona."

Luqmani alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. 

"Mama asije akalisikia hili," alisema. "Na wewe usikanyage tena hapa."

Akaingia ndani. Twalibu alikaa kwenye jiwe kando ya njia, na kilio kikamtoka, kikubwa, cha kukwamakwama. Waliokuwa wakiingia kwenye dua walimshika bega, wakampa pole, wakidhani wanajua anacholilia.