Treni Iliyovaa Viatu

Kakule alikuwa fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ambayo Goma nzima hubebea viazi na makaa. Treni hakuwahi kuiona. Ila sasa uani, kwenye nyumba yao ya kupanga mtaani Keshero, alikuwa ameijengea treni meza nzima.

Sababu ilikuwa Béata, mke wake. Tangu lava ya volkano imeze nyumba yao, maneno yalikuwa yamemwishia. Ukimuuliza, ndiyo. Ukimuuliza tena, hapana. Na huyu ndiye Béata ambaye zamani akiketi mbele ya mbabula, jiko lake la makaa, humnyamazishi: kiwanda cha simenti kule pande za Kalemie alikozaliwa, bomba la moshi, baba yake akiendesha treni ya mawe. Kakule alikijenga kiwanda hicho kwa masikio tu. Bomba la mikebe ya nyanya, machimbo ya mawe ya lava, reli za njiti za miavuli mibovu, na treni ya mbao yenye magurudumu yaliyovikwa vipande vya mpira, kama ya chukudu.

Jirani yao Généreuse akachungulia juu ya ua. "Papa Kakule, wajukuu wanajua babu yao anachezea mikebe?"

"Wao watapanda bure. Wewe utalipa."

Béata alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Hakuinua macho.

Kakule akavuta treni kwa uzi. Ikaenda vizuri, ikafika kwenye kona, ikaruka reli, ikalala chali. Akawaza kama fundi wa chukudu: gurudumu likiteleza, liongeze mpira. Akakata vipande vya tairi kuukuu, akavipigilia misumari juu ya vile vya kwanza, kama alivyofanya maisha yake yote. Safari hii treni ikaanguka hata kabla ya kona.

Akainama kuiokota. Labda kiwanda kile cha masimulizi ya Béata nacho kiliungua pamoja na nyumba, akawaza.

"Wee Kakule."

Akadhani ni Généreuse.

"Nani alikuambia treni inavaa viatu?" Béata alikuwa amesimama, ungo mkononi. "Ni chuma juu ya chuma, muzee. Gurudumu iko na mudomo kwa ndani, kama wa sahani. Ule mudomo ndio unashika reli. Toa hiyo mipira, utachekesha papa yangu kule aliko."

Akaitoa. Upande wa ndani wa kila gurudumu akapigilia kifuniko cha mkebe, kikizidi ukingo wake kidogo. Treni ikapita kona kama inayokwenda kwao.

"Na hii nyeusi yote ni Goma," Béata akasema. "Kule kila kitu kilikuwa cheupe kwa vumbi ya simenti, mpaka kuku."

Akaingia ndani, akarudi na unga wa muhogo.

"Huo ni wa bugali ya leo," Kakule akasema.

"Tutakula viazi."

Akaumwaga juu ya paa, juu ya machimbo, na upepo wa ziwani ukampaka Kakule mpaka kope. Béata akamtazama, akaanza kucheka polepole.

"Hivyo hivyo papa alikuwa anarudi. Mama anamukatalia mulango mpaka anawe. Sasa siku moja..."

Kakule akavuta kigoda, akaketi na unga wake usoni. Maharagwe yakabaki kwenye ungo, na hakuna aliyeyaulizia.