Kuilaza Dhahabu Mpaka Jumatatu

Ijumaa, tarehe 14 Machi. Manyunyu yalianza kabla ya alfajiri, na tulipofungua mlango sakafu ya baraza ilikuwa bado inateleza.

Chumba chetu tunakigawana mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye anasuka nywele upande wa dirisha, mimi nashona upande wa mlango. Kila asubuhi, kabla ya cherehani kuanza kelele, tunasali, naye wifi ndiye anayeongoza. Huja jirani yetu tunayemwita Mama Vitambaa kwa biashara yake, na huja fundi saa, ambaye tumempa jina la Dakika kwa sababu hajawahi kuwahi popote.

Mimi na Dakika tunasoma masomo ya jioni: biashara ya bei ya dhahabu kwa simu. Tunakalia madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, na mwalimu ni mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. Sioni aibu. Nilimwomba Mungu anipe akili ya kujifunza ukubwani, akanipa, ila usingizi wa saa mbili usiku hakuniondolea.

Asubuhi ile nilikuwa na ombi. Mwenye chumba alikuwa ameamua kukiuza, akatupa sisi nafasi ya kwanza hadi mwisho wa mwezi. Akiba yangu na ya wifi haikutosha. Kwa idhini yake niliipeleka yote kwa wakala wa soko la dhahabu, na Jumatano nikanunua dhahabu. Ilikuwa inapanda vizuri. Lakini soko hufungwa Ijumaa usiku mpaka Jumatatu alfajiri, nami nilitaka kuilaza dhahabu yote, yaani kuiacha humo bila kuiuza.

"Mniombee," nikasema, "bei isishuke."

Dakika akakohoa. "Na mimi nina ombi. Nimeingia upande wa pili. Ikishuka ndipo napata. Mniombee ishuke."

Mama Vitambaa akafumbua jicho moja. Wifi alikuwa amekwisha kuinua mikono, akaishusha polepole.

"Huyu juu, huyu chini," akasema. "Nianze na nani?"

"Anza na wifi yako. Damu nzito kuliko maji."

"Damu ni ya kaka yangu. Wewe ulikuja na sanduku tu."

Tukacheka. Kisha akanikazia macho. "Haya, tuseme Mungu amemsikia Dakika. Chumba chetu kinakuwaje?"

"Nimeweka amri ya kukata hasara. Bei ikishuka mpaka pale nilipopanga, simu inauza yenyewe. Tunapoteza kidogo."

"Na soko likiwa limefungwa, inauza?"

Mwalimu alikuwa ametufundisha jambo hilo hilo wiki ile. Soko hufungwa, dunia haifungwi. Jumatatu bei inaweza kufunguka mbali kabisa, imeshairuka ile amri, na utauziwa kwa bei itakayokutwa. Na kwa kuwa wakala hutukopesha ili tununue dhahabu nyingi kuliko fedha zetu, mruko mmoja unatosha kumeza akiba yote.

"Haiuzi," nikasema.

"Mwalimu alisema mfanye nini?"

"Tupunguze. Tulaze kile tu ambacho kikipotea chote hakitatuumiza."

"Umepunguza?"

"Bado."

Wifi akasali sala fupi, hakutaja bei. Mimi nilibaki nimeinama. Niliomba akili nikapewa. Sasa nilikuwa namrudia Mungu nikimtaka anifanyie na hesabu.

Mchana, mteja akisubiri pindo la gauni, nilishika simu nikauza karibu yote, nikabakiza kipande kidogo. Mama Vitambaa, aliyekuja kuazima mkasi, alisimama akaniangalia mpaka nikamaliza. Jioni bei ilikuwa imepanda tena.

"Umekimbia mapema, dada," Dakika akaniambia. "Mimi nalaza yote. Mvumilivu hula mbivu."

"Nazo zikioza?" wifi akamjibu.

Jumatatu asubuhi nilifungua simu kabla ya mlango. Dhahabu ilikuwa imeruka juu sana. Ningeilaza yote, tungekuwa na bei ya chumba na chenji. Nilimwambia wifi ukweli, sikuupaka sukari.

"Kwa hiyo maswali yangu ndiyo yametuponza," akasema.

Kabla sijajibu, Dakika aliingia. Kwa mara ya kwanza alikuwa amewahi. Alikaa kwenye kiti cha kusukia, simu mkononi.

"Imeiruka amri yangu," akasema. "Wameniachia hela ya sabuni."

Wifi akamtazama, akanitazama. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mruko ule ule ungekuwa wa kushuka, sisi tungekuwa tunatafuta pa kuhamishia cherehani.

"Utaanza upya, ndugu yangu," nikamwambia Dakika. "Na utaanza na kidogo."

"Hata nikitaka kikubwa, sina," akasema, akacheka kidogo, nasi tukacheka naye.

Ndipo Mama Vitambaa, aliyekuwa amefika kusali, akauliza tumepungukiwa kiasi gani. Nikamwambia.

"Nitaongeza mimi," akasema, "mkinipa kona ya vitambaa. Ijumaa nilikuona ukiuza huku inapanda. Mtu wa namna hiyo naweza kuweka hela yangu naye. Ila nataka kusikia neno lako, na hawa wasikie."

Wifi akazima mashine ya kukaushia nywele. Dakika akasimama. Nikaweka mkono juu ya meza ya cherehani.

"Mbele za Mungu na mbele yenu ninyi watatu," nikasema, "fedha ya chumba hiki haitalala sokoni tena, hata usiku mmoja. Nikilaza, nitalaza changu peke yangu, na kiasi ambacho kikipotea chote, asubuhi mtanikuta hapa nashona kama kawaida."