Kiti cha Mlangoni

Ushirika wetu wa washonaji uko Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na mkataji wetu ni Kitwana, Mzaramo wa Kisarawe. Sisi wengine tunashona tu. Jora likishafunguliwa mezani, mkasi ni wake. Mwaka jana mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hospitali wakamwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, unaitwa Parkinson, hauponi lakini mtu anaishi nao. Wakampa vidonge.

Tulimhurumia, na huruma yetu ndiyo iliyomponza. Mwenyekiti wetu, Isidori, alimtoa mezani akamwekea kiti mlangoni. "Pumzika, kaka. Wewe karibisha wateja tu."

Akakaa, mikono juu ya magoti, na ule mkono ukawa unacheza mchana kutwa. Wateja wakaanza kunong'ona kuwa fundi ana pepo, wengine kuwa anakunywa, mtu ambaye hata togwa ikichacha haigusi. Sisi tukajifanya hatuoni. Tuliona ndiyo adabu.

Kisha ikaja kazi kubwa ya sare za shule. Isidori akatangaza kuwa Jumamosi tutakutana tuchague mkataji mwingine, Kitwana arudi kwao akapumzike vizuri.

Kitwana akanifuata kwenye cherehani yangu. "Bi Mauza, mimi toka ujana ni mkasi. Sasa niende Kisarawe kukaa kwenye kiti kingine?"

Nilimwambia nitamwombea, na nikamwombea kila sala. Lakini cherehani yangu inatazama mlango, kwa hiyo macho nayo yalikuwa kazini. Siku moja jora la kaki liliporomoka kutoka rafuni. Kitwana akanyoosha mkono akalidaka, akalishikilia mpaka Hyasinta, mshonaji mwenzetu, alipokuja kulipokea. Nikautazama ule mkono: umetulia tuli. Alipoliachia jora na kurudi kitini, ukaanza tena.

Jumamosi nikasimama. "Ndugu mwenyekiti, mkono huu unatetemeka ukikaa bure. Ukishika kitu unatulia. Hicho kiti tulichompa ndicho kinachomzidishia."

"Huo ni moyo wako mzuri, Bi Mauza," akasema Isidori. "Akiharibu vitambaa vya watoto, tutasema nini?"

Benjamini, Mnyamwezi, mtani wake Kitwana, akaangua kicheko. "Mpeni mkasi huyo! Mzaramo akikosa kazi, ngoma inampanda hadi vidoleni!"

Tukashika vinywa. Lakini Kitwana alicheka, mara ya kwanza tangu awekwe kitini. "Mpagazi we! Lete jora hapa, kazi ya babu zako hiyo."

Akasimama, ila miguu ikagoma, maana ugonjwa ulishaifikia nayo. "Hyasinta," akasema, "nichoree mistari sakafuni. Nikiona kitu cha kuvuka, miguu inanyanyuka."

Hyasinta akainama na chaki yake, akachora mpaka mezani. Kitwana akaivuka mistari mmoja mmoja. Akashika mkasi, akasema bismillahi, akakata.

Isidori akapitisha kidole kwenye ukingo wa kitambaa. "Umenyooka. Ila polepole mno."

"Polepole, ndiyo. Na dawa ikiisha nguvu sikati kabisa, wala chaki sichori vizuri, alama zangu zinakuwa ndogo kama chawa. Sitaki kuudanganya ushirika."

Isidori akajikuna kichwa. "Basi Hyasinta achore, wewe ukate ukishameza dawa. Ikiisha nguvu, kagua mishono."

Tukanyoosha mikono wote kukubali. Benjamini akanyoosha miwili.

Ugonjwa haujaondoka, tusidanganyane. Kuna siku vifungo vya shati vinamshinda, Benjamini anamfungia huku akimtukana ukoo mzima. Wateja wakiutazama mkono, anawaambia mwenyewe, "Huu ni ugonjwa. Sare yako njoo Alhamisi."

Leo asubuhi amenirudishia kaptula. "Bi Mauza, huu mshono umepinda. Fumua."

Nimefumua, huku nasema alhamdulillahi.