Namba ya Mama yake Bior

Karatasi iliyotoka kwenye printa haikuwa na uso wa mama yake Bior. Ilikuwa na tangazo la viatu.

"Dada," Bior alisema taratibu, "huyu si mama."

"Malesh, samahani, ndugu yangu," alisema Achieng, mwenye duka la kuchapa picha.

Mazishi yalikuwa alasiri. Achieng akamwita Edrine, fundi wa simu wa kibanda jirani. Edrine akapekua kompyuta, akaguna. Wateja walituma picha kutoka simu zao, na programu ilitakiwa kuzipokea katika folda moja tu. Tangazo lilikuwa limepenya hadi folda ya Marehemu, ambamo picha za waliofariki zilihifadhiwa na kuchapwa bure, likaifuta picha ya mama yake Bior na kukaa mahali pake.

"Programu haiangalii njia faili inapitia, nyabo. Jina ya hii faili iko na nukta mbili, moja baada ya ingine, halafu mkwaju. Inaambia kompyuta, rudi nyuma, ingia chumba ingine. Nayo inakubali tu. Kuna mtu anataka kuchapa bure."

Kukisia jina la faili ya kufuta hakukuwa kazi. Picha zote mle ziliitwa kwa namba. Levi, mume wa Achieng, ndiye aliyepanga hivyo: mfiwa asiulizwe nywila, asiulizwe hata jina. Sasa Levi mwenyewe alikuwa marehemu, picha namba moja mle, na picha ile haikuwepo kwingine.

Edrine akamnyooshea flashi. "Toa ya mzee Levi kwanza. Hao wengine utaona kesho."

Achieng aliwafikiria waliorudi kwake baada ya kupoteza simu, wakiomba uso mmoja tu.

"Na hao wengine ni wa nani?"

Akazima mapokezi ya picha. Foleni ikanung'unika, mmoja akauliza kama siku hizi duka linakwenda likizo wateja wakiwa ndani. Achieng alinunua bando la intaneti, akapakua toleo lililorekebishwa la programu. Lilipodai nywila alisita, kidole hewani, kisha akaiweka. Akatuma faili yenye jina lile lile potofu kutoka simu yake. Ikakataliwa. Akatuma tena. Ikakataliwa.

Ndipo akamnong'oneza Bior nywila, naye akaituma tena picha ya mama yake kutoka simu yake, ikatua ilipotakiwa. Achieng aliihamishia kwenye folda ya Marehemu, akafuta namba iliyokuwa jina la faili.

"Mama aliitwa nani?"

"Amer."

Akaliandika jina hilo mahali pa namba. Printa ikakohoa, ikavuta karatasi, na paji la uso likaanza kutoka, polepole, kabla ya macho.