Picha Isikwame

"Imekwama tena," alisema mama mwenye nyumba kutoka chumbani, kwa sauti ya mtu asiyetaka kulaumu.

Sebuleni, Fundi Antena alikuwa amepiga magoti nyuma ya kompyuta, jasho likimchoma macho. Jina hilo alilipata enzi za kupanda mapaa na kugeuza mabomba ya antena huku wenye nyumba wakimwelekeza kutoka chini: geuza, rudisha, hapo hapo. Siku hizi mapaa yalikuwa matupu. Haya ya picha kupita hewani kutoka chumba hadi chumba alijifunza ukubwani, na aliyajua kama mgeni anavyoujua mji: njia moja tu, tena mchana.

Video zote za familia, marehemu mume akiwamo, zilikuwa ndani ya kompyuta ile. Runinga ilikuwa chumbani, mbele ya kitanda. Kesho asubuhi mama angepasuliwa macho, na daktari hakumwahidi kitu.

"Si tuihamishie kompyuta huko huko chumbani?" binti wa mama alinong'ona.

"Kwa uzee wake, tukiizima sina hakika itawaka."

Fundi akajuta kusema kweli.

Akaenda kusimama mlangoni mwa chumba. Kwenye kioo cha runinga, mwanamume alikuwa ameganda katikati ya uwanja wa nyumba, mguu mmoja juu. Sura yake ilionekana wazi kabisa.

"Angalau hapa anaonekana vizuri, mama," fundi alijitetea.

"Wewe ndiye unayemwona, mwanangu. Mimi sura zilishanitoka. Akitembea namjua, alikuwa anachechemea kidogo. Akisimama, naona ukungu tu."

Fundi alirudi sebuleni. Ruta, kile kisanduku kinachorusha mtandao nyumbani, ilikuwa ndani ya kabati la chuma, ilikofichwa ili isikusanye vumbi. Akaitoa. Kisha akakumbuka kwamba kompyuta nayo ilituma video kwa hewa hadi kwenye ruta, na ruta ikaituma tena kwa hewa hadi kwenye runinga: mzigo mmoja, safari mbili, njia ile ile nyembamba. Akatoa waya mrefu begini, akaunganisha kompyuta na ruta, akaivuta ruta kuelekea korido. Taa ya kompyuta ilipepesa. Haikuzimika.

Waya uliishia katikati ya korido, pasipo na meza wala rafu. Akaiinua ruta juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Anza upya," alimwambia binti.

Kutoka chumbani zikaja sauti za watoto, ndoo kugonga sakafu, mtu akikohoa. Fundi alisubiri video ikatike. Aliihesabu dakika ya kwanza, ya pili, akapoteza hesabu.

"Huyo," mama alisema taratibu chumbani. "Huyo anakwenda kufunga geti. Mwone anavyojikokota, na mvua hiyo."

Mabega ya fundi yalianza kuuma. Binti akatokea na nyundo, msumari ukiwa katikati ya midomo, akaonyesha ukuta. Fundi akatikisa kichwa; asingethubutu kuisogeza ruta wakati picha inatembea. Akaegemeza mgongo ukutani, akabadilisha mguu wa kusimamia, macho yake kwenye kitaa cha kijani kilichokuwa kikipepesa juu ya vidole vyake, na chumbani mama akaanza kucheka.